Mateka wa Kadeti Kalembo

Jamhuri ya Ukwezani ni nchi yenye amani kupita kiasi, na amani hiyo ndiyo iliyotuponza. Jeshi letu lina majenerali wengi kuliko malori. Wote wana medali, wengine mpaka kwenye mikono ya mashati, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kurushiwa jiwe na adui. Mtukufu Amiri wa Maamiri, Baba wa Taifa na wa Mvua za Vuli, alipoligundua jambo hilo alihuzunika sana. Alihutubia redioni asubuhi nzima, hata matangazo ya vifo yakasubiri.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi isiyo na maadui haiheshimiwi. Nasi tutaheshimiwa, mtake msitake!"

Hapo ndipo ilipoamriwa kwamba mwanafunzi yeyote wa chuo anayetaka kazi ya serikali sharti ahitimu akiwa afisa wa jeshi. Na kwa kuwa Ukwezani kazi zote ni za serikali, hata kunyoa watu nywele, vijana walielewa bila kuelezwa mara ya pili. Mpango ukaitwa Msomi Mwenye Nyota. Alfajiri kwata, mchana darasa, jioni kwata tena ili kuondoa yale ya mchana.

Miongoni mwa vijana hao alikuwapo Nuhu Kalembo, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo katika chuo cha mji wetu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mama yake, Bi. Tausi, alimlea peke yake huko Mlowezi kwa kufuga mbuzi, na Nuhu alichagua masomo hayo kwa sababu utotoni aliona mbuzi wengi wakifa huku mama yake amewashika vichwa, hajui la kufanya. Hakupenda uaskari hata kidogo. Lakini serikali ilishaeleza kwamba mnyama akitibiwa na raia hapati nafuu ya kizalendo, hivyo madaktari wa mifugo wote wangekuwa maluteni. Nuhu akavaa buti.

Bi. Tausi aliposikia mwanawe anasomea uafisa, furaha ilimzidi. Akawa akimpigia simu kutoka Mlowezi, anaanza kwa kucheka.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakula? Hawakupigi?"

"Nakula, mama. Hawapigi sana."

"Na yule mwalimu wako wa ng'ombe, yule mama, hajambo? Mwambie nitakuja siku moja nimwone kwa macho yangu."

Mwalimu huyo wa ng'ombe alikuwa Daktari Pelagia Msukwa, mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alifundisha uzalishaji wa mifugo. Yeye peke yake chuoni hakuwa ameelewa vizuri Mpango wa Msomi Mwenye Nyota. Wahadhiri wenzake walishajifunza kupokea saluti na kujibu saluti. Somo la kemia lilikuwa likifundishwa kwa amri, na mwanafunzi aliyekosea jibu alikimbia kuzunguka maabara akiwa ameinua kiti juu. Lakini Daktari Pelagia alipouliza swali, na kadeti akaruka juu na kupiga kelele, "Afande! Tumbo la ng'ombe liko tayari kwa ukaguzi, afande!" yeye alimngoja tu amalize.

"Kaa, mwanangu. Vua kofia," alikuwa akisema. "Sasa niambie polepole, kama mtu anayeongea na mtu."

Alimpenda Nuhu kwa sababu ya ile mikono. Siku moja ng'ombe wa chuo alikwama kuzaa, naye akamwambia Nuhu avue shati, ajipake sabuni, aingize mkono mpaka begani. Nuhu alilala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, macho ameyafumba, huku mwalimu amechuchumaa kando yake akimwelekeza kwa sauti ya chini: hapo, hapo ni goti, usivute, msukume kwanza arudi. Ndama alipotoka na kupiga chafya, Nuhu alilia mbele ya darasa zima. Siku hiyo aliikosa kwata, akaadhibiwa kulala kwenye matope mpaka jioni, na walioshuhudia wanasema alikuwa akitabasamu humo matopeni.

Mafunzo yalifika mwisho wake, ukabaki mtihani wa kijeshi. Hapa mkuu wa mafunzo, Kanali Mshindo, alikumbana na ugumu. Kanuni mpya ilisema hakuna kadeti atakayevishwa nyota bila kukamata adui. Nchi jirani iliombwa kwa heshima zote ituazime maadui wachache, watarudishwa wakiwa wazima, lakini ilijibu kwamba watu wake wako kwenye mavuno. Kanali Mshindo hakukata tamaa. Aliwapanga makadeti uwanjani, akatembea mbele yao huku fimbo yake ikiwa kwapani.

"Adui ni nani?" alinguruma. "Adui si lazima atoke mbali! Adui anaweza kuwa na kitambulisho kama chako! Anaweza kukusalimia vizuri sana! Kwa hiyo nendeni humuhumu chuoni, kila mmoja aniletee mtu mwenye dalili za uadui kabla Mtukufu hajaketi. Asiye na adui hana nyota. Asiye na nyota hana cheti. Mmenisikia?"

"Ndiyo, afande!"

Makadeti wakatawanyika na bunduki zao za mbao. Mji mzima ulikuwa umekwisha kujaa uwanjani kutazama gwaride, na sisi wa jukwaani tuliona kazi ilivyofanyika kwa ufanisi. Kadeti mmoja alimleta Bwana Tindwa, mfagizi wa bweni, ambaye dalili yake ya uadui ilikuwa ufagio. Mwingine alimleta mpishi. Wawili walikamatana wao kwa wao, wakaja wameshikana mashati, kila mmoja akidai mateka ni mwenzake, na Kanali akawasifu wote wawili.

Nuhu alizunguka bila kupata mtu. Kila aliyemwendea alikuwa ama amekwisha kamatwa, ama ni rafiki yake. Alipopita nyuma ya uwanja alimwona mama yake kwenye viti vya wageni, amevaa kitenge kipya na viatu vilivyombana, dumu la asali liko miguuni pake. Alikuwa amesafiri kutoka Mlowezi kuja kushuhudia. Bi. Tausi alimpungia mkono na kuwaonyesha majirani zake: yule, yule mrefu.

Ndipo Nuhu akakimbilia zizini.

Daktari Pelagia alikuwa huko, ameinama kando ya mtamba mmoja mwekundu aliyekuwa akihema na kutupa kichwa. Aliposikia buti aligeuka, uso ukamchangamka.

"Afadhali umekuja. Huyu ni uzazi wake wa kwanza na ndama amekaa vibaya. Nataka mkono wako."

"Mwalimu," Nuhu alisema, "nimekuja kukukamata."

Akaeleza yote, macho yake yako kwenye samadi. Alieleza habari ya nyota, ya cheti, na ya mama yake aliyekaa pale juani. Daktari Pelagia alisikiliza, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Mimi? Adui? Haya, twende. Mchezo wenyewe utachukua muda gani?"

"Kidogo tu, mwalimu. Ukishaonekana tu, basi."

"Maana huyu hawezi kungoja mpaka jioni."

"Nitakurudisha mwenyewe. Nakuahidi."

Alinawa mikono, akampapasa mtamba shingoni, akanyoosha viganja vyake mbele. Nuhu alimfunga kwa kamba ya ndama, kwa kulegeza, kama mtu anayefunga zawadi. Njiani walizungumza habari za malisho. Lakini walipolikaribia lango la uwanja na Kanali Mshindo akawaona, Nuhu alisimama, akaikaza ile kamba. Mwalimu akamwangalia mara moja tu.

Mtukufu Amiri wa Maamiri alipowaona mateka wamepangwa mstari, alisimama, akatoa kitambaa, akajifuta machozi. Alikuwa amengoja siku hiyo miaka yote ya utawala wake. Alishuka mwenyewe kutoka jukwaani, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi ya makamu wake, akapita mbele ya mateka mmoja mmoja akiwatazama kwa mapenzi makubwa. Alipofika kwa Daktari Pelagia alisita. Nadhani ilikuwa ile miwani.

"Huyu anaonekana kama mwalimu," Mtukufu alisema, na kipaza sauti kikatusikizisha sote.

"Ni mwalimu kweli," alijibu Daktari Pelagia, kipaza sauti kikiwa mbali naye, hata tukamsikia sisi wa karibu tu. "Namfundisha huyu kijana. Na nina ng'ombe anayezaa, mzee, kwa hiyo kama tumemaliza naomba niende."

Kanali Mshindo alibadilika rangi. Mtukufu alimgeukia Nuhu taratibu, akamsogezea kipaza sauti.

"Kadeti. Huyu ni adui, au si adui?"

Hapo Nuhu alikuwa na nafasi. Nasema hivi bila kuilaumu serikali, ambayo haikumlazimisha kwa lolote, iliuliza tu. Mwalimu alikuwa akimtazama bila wasiwasi, kama alivyomtazama siku ile ya ndama, akingoja aongee polepole kama mtu anayeongea na mtu. Kule kwenye viti vya wageni Bi. Tausi alikuwa amesimama aone vizuri.

"Ni adui, afande," alisema Nuhu.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Bi. Tausi alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamdondoka. Sisi wengine tulipiga makofi, maana wenzetu walikuwa wakipiga. Mtukufu alimvisha Nuhu nyota kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatangaza kwamba yaliyotokea si mtihani tena. Ni ushindi halisi, na watu hawa ni mateka halisi wa vita. Askari wakawasukuma kwenye stoo ya michezo, wakafunga kufuli.

Baada ya hapo ilifanyika karamu. Luteni mpya haruhusiwi kuondoka mezani kabla Mtukufu hajamaliza kula, na Mtukufu hula kwa kutafakari. Nuhu aliketi mbele ya sahani ya nyama akiwaza juu ya mtamba. Mlango ulikuwa wazi, zizi haliko mbali, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Mwanzoni alisema moyoni kwamba atatoka wakiletewa matunda. Matunda yakaja. Akasema atatoka hotuba ikianza. Hotuba ikaanza, ikatajwa jina lake, akasimama akapigiwa makofi, akaketi. Akala nyama yote.

Asubuhi alipokwenda zizini alimkuta mtamba amelala ubavu, shingo imenyooka, nzi wamekwisha fika. Kwato mbili ndogo zilikuwa zimetokeza nje, zimekauka. Nuhu alichuchumaa hapo na sare yake mpya. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Kanali Mshindo, akasema mwalimu si adui, yeye Nuhu ndiye aliyesema uongo, na anaomba mwalimu aachiwe.

Kanali hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Kaa, Luteni. Tusaidiane kufikiri. Kama yeye si adui, wewe umemdanganya Mtukufu mbele ya taifa. Sivyo?"

"Ndivyo, afande."

"Anayemdanganya Mtukufu ni nani?"

Nuhu alitazama buti zake.

"Ni adui," Kanali alimsaidia. "Kwa hiyo nikukamate wewe, nyota yako nimpe atakayekufunga kamba. Watajitokeza wengi, wale wawili waliokamatana bado wana hamu. Mama yako bado yupo hapa, sivyo? Atatazama tena. Sasa nirudie swali. Yule mwanamke ni adui au si adui?"

Nuhu alitoka ofisini humo akiwa amejibu vilevile kama jana. Safari hii hakukuwa na kipaza sauti, wala mtu wa kumpigia makofi.

Nje alimkuta Bi. Tausi anamngoja, dumu lake mkononi.

"Nilikuwa nakutafuta. Nipeleke kwa yule mwalimu wako. Nimemletea asali, ile nyeusi ya kwetu. Siwezi kurudi Mlowezi bila kumshukuru."

Nuhu alianza kumtembeza. Akamwonyesha maktaba, akamwonyesha maabara, akamweleza historia ya tangi la maji. Bi. Tausi aliuliza kwa adabu, lakini viatu vilimbana, na hatimaye akasimama katikati ya njia.

"Nuhu. Mwalimu yuko wapi?"

"Mama... ulimwona jana."

"Wapi?"

"Uwanjani. Yule wa miwani."

Bi. Tausi aliangalia juu, kama mtu anayejaribu kusikia kitu kwa mbali.

"Yule uliyemfunga kamba?"

"Ndiyo."

"Yule niliyempigia vigelegele?"

Nuhu aliitikia kwa kichwa. Mama yake alivua viatu, akavishika mkono mmoja na dumu mkono wa pili, akauliza stoo ya michezo iko upande gani.

Mlinzi alimpigia Nuhu saluti na kuwafungulia. Mateka walikuwa wameketi juu ya nyavu za magoli. Bwana Tindwa alikuwa amekwisha fagia stoo nzima. Bi. Tausi alikwenda mpaka kwa Daktari Pelagia, akapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ndiye mama yake."

"Inuka, mama yangu, inuka, mimi na wewe tuko sawa," alisema Daktari Pelagia, akimshika mabega. Kisha akainua macho kwa Nuhu aliyesimama mlangoni. Hakumuuliza habari ya kamba wala ya nyota. "Mtamba alizaa?"

"Alizaa, mwalimu. Salama."

"Dume au jike?"

Nuhu alifungua kinywa, na neno halikuja, wala moja kati ya hayo mawili. Daktari Pelagia alingoja kidogo, kisha akavua miwani yake na kuanza kuipangusa kwa ncha ya gauni, ingawa haikuwa chafu. Bi. Tausi hakujua habari ya ng'ombe yeyote. Lakini alimtazama mwanawe jinsi alivyosimama, akajifunika uso kwa kilemba.

Serikali, kwa upande wake, haikulala. Wanasheria walieleza kwamba mateka wa vita huachiwa vita vikiisha, lakini vita hivi haviwezi kuisha kwa kuwa havikuwahi kuanza. Kwa hiyo Mtukufu alitangaza vita vianzie wiki iliyopita, na vimalizike Jumamosi kwa mkataba wa amani. Ujumbe wa maadui ulipaswa kutia saini, na kiongozi wake, kwa kuwa ndiye aliyesoma kuwapita wenzake, akawa Daktari Pelagia. Alikataa. Halafu Bwana Tindwa akamwambia kwamba ana mjukuu anayemlea peke yake, na hajui nani anampa chakula. Daktari Pelagia akaomba kalamu.

Hakuna aliyemweleza kwamba kwa saini hiyo alikubali kuwa raia wa nchi ya adui. Bwana Tindwa, mpishi na wengine walisamehewa kwa sababu bweni lilikuwa chafu na maluteni wana njaa. Daktari Pelagia alirudishwa kwao, yaani mahali ambapo hakuwahi kufika. Alipandishwa lori, akashushwa mpakani. Jirani zetu walimpokea kwa chai na mshangao, na baada ya muda wakampa kituo kidogo cha kutibu mifugo, kiko hapo ng'ambo tu, paa lake linaonekana ukisimama upande wetu.

Nuhu Kalembo alihitimu. Hakupewa mifugo. Ilionekana kipaji chake ni kumtambua adui kwa sura, hivyo akapelekwa mpakani kuwa mkuu wa lango, na sasa ni kapteni. Kazi yake ni kuuliza kila anayevuka anakwenda kwa nani, na kumgongea muhuri. Madaktari wetu wa mifugo wenye nyota wako kwenye magwaride muda wote, kwa hiyo watu wanaovuka ni wengi: wenye ng'ombe vilema, wenye kuku wanaosinzia, wenye punda waliovimba matumbo. Wote wanakwenda kwa mtu mmoja. Kapteni huwauliza, nao humtaja jina lake, na yeye huandika mgonjwa, hugonga, huita mwingine. Hamzuii mtu. Wasafiri wanamsifu kwa hilo, na yeye akisifiwa huinamisha kichwa na kutafuta kalamu ambayo iko mkononi mwake.

Mama yake alikuwa ameacha kumpigia simu. Akipigiwa alipokea, akajibu anachoulizwa, akasema mbuzi wanamsubiri.

Asubuhi moja ya kiangazi Nuhu aliita mwingine bila kuinua kichwa, akaona kwanza kwato za mbuzi, kisha miguu mitupu yenye vumbi la safari ndefu. Aliijua miguu hiyo. Bi. Tausi alikuwa amesimama kwenye foleni kama watu wengine, kamba ya mbuzi mkononi, mbuzi mwenyewe ameinamisha kichwa na anahema kwa shida.

Nuhu alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbona hukuniambia unakuja? Ungepita mbele."

"Wenzangu wamewahi."

Nuhu alimtazama mbuzi. Aliyaona masikio, akauona ubavu unavyopanda na kushuka, na mikono yake mikubwa ikajinyoosha yenyewe juu ya meza. Bi. Tausi alivuta kamba kidogo, mbuzi akarudi nyuma.

"Niulize unayoulizaga watu," alisema.

"Mama, najua unakokwenda."

"Basi gonga."

Alichukua muhuri, akaushika. Nyuma ya mama yake foleni ilikuwa imefika mpaka barabarani, punda mmoja akaanza kulia.

"Mama. Ukimwona mwalimu, mwambie..."

Bi. Tausi alingoja. Aliingoja kwa dhati hiyo sentensi. Aliisogelea meza, akainamisha sikio lake kwa mwanawe kama ambavyo hakuwa amefanya tangu ile siku ya gwaride. Watu wa nyuma walianza kunung'unika. Kapteni Kalembo alitazama lile paa la ng'ambo, akatazama meza. Midomo yake ilisogea. Halafu akagonga muhuri, wino ukakolea vizuri, akamsogezea mama yake kibali.

Bi. Tausi alikichukua, akakikunja, akakitia kifuani.

"Haya," alisema. "Nitamwambia hujambo."

Akamvuta mbuzi wake, wakavuka.